Taarifa ya njia za mlimani itaje saa na upande wa mlima

Mhariri,

Kila theluji inapoanza kuyeyuka, taarifa za njia za misitu ya milimani hurudia maneno yale yale: "Njia iko wazi." Wazi saa ngapi, na upande upi wa mlima?

Asubuhi, baada ya usiku wa baridi kali, theluji huwa na gamba gumu. Mtu hupita juu yake bila kuzama, ingawa utelezi upo. Ikifika alasiri gamba limelainika, mguu unazama hadi gotini, na kuunasua ni kazi kila hatua. Vijito navyo vina saa zake. Maji ya theluji iliyoyeyuka mchana huchukua muda kuteremka, hivyo kijito ulichokiruka asubuhi kinaweza kukufungia njia jioni ukirudi. Kibaya zaidi ni theluji iliyotanda juu ya kijito: juu nyeupe tupu, chini imeshaliwa na maji. Ukiyasikia yakinguruma chini ya miguu yako, rudi.

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mteremko unaotazama kusini hupigwa jua na kukauka mapema, huku ule wa kaskazini, penye kivuli cha misonobari, ukibaki na theluji wiki kadhaa zaidi. Tena theluji iliyoshindiliwa na miguu ya watu msimu mzima hugeuka barafu na kuyeyuka mwisho kabisa. Utakuta msituni theluji imekwisha, ila katikati ya njia limebaki tuta jembamba la barafu, upana wa kiatu. Watu hulikwepa kwa kukanyaga pembeni, ambako udongo wa chini bado umeganda na haunywi maji. Panageuka tope, nalo tope likikwepwa njia inazidi kutanuka na mimea inakanyagwa. (Wenye buti nzuri ndio wa kwanza kukwepa tope, sijui walizinunulia nini.)

Naomba kila taarifa itaje siku na saa mtoa habari alipopita, theluji inaanzia mwinuko gani, na mteremko unatazama wapi. Udongo ukiwa bado haujakauka, njia ifungwe bila kuoneana haya. Nanyi mnaozichapisha taarifa hizi, zirudisheni kwa waliozileta zikija bila mambo hayo.

Msomaji wenu, mpanda milima