Ndigana si ugonjwa mmoja

Mhariri,

Katika maduka ya dawa za mifugo hapa Tanga, kuanzia Pongwe hadi Muheza, mteja husema tu, “Nipe dawa ya ndigana.” Muuzaji naye humpa oksitetrasaiklini (antibiotiki ya sindano), basi. Ndigana ipi? Jina hilo hubeba magonjwa mawili ya ng'ombe: ndigana kali na ndigana baridi.

Ndigana kali huletwa na kupe anayekaa masikioni. Shika tezi iliyo chini ya sikio: imevimba, ngumu kama limau changa. Joto hupita nyuzi 40 (la kawaida ni 38 hadi 39), kisha ng'ombe huhema kwa shida, povu likimtoka puani. Tiba yake ni buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, kwenye msuli wa shingo, mapema. Mapafu yakishajaa maji, sindano huwa imechelewa.

Ndigana baridi ni jambo jingine. Fizi hupauka au kuwa njano, kinyesi hukauka, mkojo haubadiliki kuwa mwekundu. Ukiwa mwekundu, hiyo ni homa ya mkojo mwekundu, nayo ina dawa yake. Oksitetrasaiklini inafaa hapa kwenye ndigana baridi.

Tena msome lebo! “20%” kwenye chupa ya oksitetrasaiklini maana yake miligramu 200 za dawa katika kila mililita. Ya 10% ina nusu yake, kwa hiyo ujazo uleule ni nusu dozi. “Muda wa kusubiri” ni siku ambazo maziwa na nyama havitumiki baada ya sindano ya mwisho, si siku za ng'ombe kupona, kama wengi wanavyodhani.

Wataalamu wa mifugo,
Tanga