Nyonga ya kauri itakaa miaka mingapi?

Kwenye kaunta yetu hapa Kondele, Kisumu, kuna kidude cha mviringo, rangi ya waridi iliyofifia, upana milimita 36. Watoto hudhani ni peremende. Ni kichwa cha nyonga bandia cha kauri, cha kuonyesha watu tu. Juzi mama mmoja wa Ahero alikigonga kwa ukucha, akanitazama: "Sasa hiki si ni kama kikombe cha chai? Mzee wangu akianguka je?"

Sisi hatupasui mtu. Tunakodisha magongo na fremu za kutembelea, na tunawafanyisha mazoezi waliotoka upasuaji. Ndiyo maana maswali ambayo mtu aliogopa kumuuliza daktari hutufikia sisi.

Kauri hii si ya sahani, mama. Aliyeanza kuitumia kwenye nyonga ni Pierre Boutin, daktari Mfaransa, mwaka 1970, na zile za mwanzo zilivunjika kweli. Za siku hizi ni alumina iliyochanganywa na zirkonia, aina mbili za kauri ngumu. Waridi hilo linatokana na kromi kidogo iliyomo. Kuvunjika sasa ni nadra sana. Ila ikivunjika, si mchezo: vipande vidogo hujificha kwenye nyama na kusaga kama msasa, kwa hiyo daktari hataki kurudishia kichwa cha chuma, maana kitalika upesi.

Shida kubwa ya nyonga bandia za zamani ilikuwa vumbi. Kichwa cha chuma kilisugua kikombe cha plastiki, yaani kibakuli kinachowekwa kwenye mfupa wa nyonga ili kichwa kizunguke ndani yake, chembechembe zikamwagika, mwili ukapambana nazo, na katika vita hivyo mfupa wa pembeni ukaliwa mpaka nyonga ikalegea. Kauri uso wake unateleza mno, haitoi vumbi la maana, iwe inasugua kauri mwenzake au plastiki ngumu ya kisasa.

Kwetu huku kando ya ziwa jambo hilo lina uzito. Siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi, na huziba mishipa midogo ya damu mpaka kichwa cha mfupa wa paja kinakufa. Kijana wa miaka 24 akiwekewa nyonga, hahitaji ya miaka kumi na tano. Anahitaji ya kumfikisha kwa wajukuu.

Itafika? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, kwa kumbukumbu za Australia na Finland, ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 hivi kati ya 100 hudumu miaka 25. Hesabu hiyo ilichanganya aina zote, nyingi zikiwa za teknolojia ya zamani, kwa hivyo msiichukue kama ahadi wala kama hukumu ya kauri. Anayekuhakikishia "ya maisha" anakuuzia maneno.

Wanaorudi kwetu wakichechemea, mara chache tatizo ni kauri yenyewe. Ni maambukizi, ni nyonga iliyochomoka, ni shina, ile fimbo inayobeba kichwa, lililolegea ndani ya mfupa wa paja. Halafu kuna kelele. Mteja wetu mmoja akipanda ngazi nyonga humlilia kama mlango usiopakwa mafuta. Mumewe humtania kwamba hawezi kumnyatia. Kelele hiyo mara nyingi hutokea kikombe kikikaa mshazari na kichwa kusugua ukingoni. Bila maumivu, huenda usihitaji kupasuliwa tena, lakini mwambie daktari akupige picha. Kelele iliyoanza ghafla, yenye kukwaruza, au maumivu mapya kwenye kinena, hiyo usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Na tafadhali, ile kadi yenye stika uliyopewa hospitali, yenye aina na saizi ya kila kipande, ipige picha leo. Mzee mmoja aliiacha kwenye mfuko wa koti, koti likafuliwa. Miaka tisa baadaye daktari mwingine alipotaka kubadilisha kikombe tu, hakuna aliyejua shina lile lingekubali kichwa gani. Ukija kwetu tutakuwekea nakala kwenye faili, bure.