Shoga yangu, tazama mshipi wao

Shoga yangu,

Siku ile ulipokuwa unanisuka, uliinyooshea chanuo ile picha juu ya kioo cha saluni, wanawake wa Kijapani na kimono zao, ukasema, "Hawa walijua kula raha." Nikanyamaza, maana kichwa changu kilikuwa mikononi mwako. Leo nakujibu.

Raha ilikuwepo, sikatai. Edo, mji tunaouita Tokyo leo, ulijaa starehe na wachoraji hawakuacha kitu: watu kutazama maua ya mcheri, mieleka ya sumo, waigizaji wa kabuki, michezo yao ya jukwaani, mashua zilizosongamana penye daraja la Ryogoku usiku wa fataki. Picha zilichongwa kwenye mbao za mcheri, kila rangi na ubao wake, zikachapwa kwa wingi hata mtu wa kawaida akamudu kununua. Sura ya mwigizaji kipenzi ilibandikwa nyumbani kama mabango ya wanamuziki kwa vinyozi wetu.

Lakini hao wako ni wa mchoraji Kitagawa Utamaro. Tazama mshipi: umefungwa mbele. Ndivyo walivyofunga wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro yenye kibali cha serikali, uliozungushiwa handaki la maji na kuachiwa lango moja. Wengi walipelekwa humo wangali wasichana wadogo, wazazi wakapokea fedha, na deni likawa lao kulilipa kwa miaka. Raha ilikuwa ya wateja. Zile nywele unazozisifia zilikuwa sare ya kazi.

Utamaro mwenyewe aliyaona hayo. Miaka ya 1790 alitoa picha 12 za wanawake wa Yoshiwara, moja kwa kila saa ya Kijapani, ambayo ni sawa na saa zetu mbili. Kuna ya saa nane usiku. Mwanamke ameamka, usingizi haujamtoka, kimono inamteleza begani. Mkono mmoja ameshika karatasi iliyosokotwa inayowaka, ndiyo taa yake. Mguu unapapasa kandambili. Mteja haonekani. Hajipambi kwa ajili ya mtu. Anakwenda msalani tu, masikini.

Ya kwako usiibandue, inapendeza. Ila hii ya saa nane usiku ninayokutumia ibandike kule nyuma, pale unapokaa kuvua viatu saa tatu usiku, miguu imevimba, mteja wa mwisho ameshaondoka.