Fyuzi ya mziki wa gari ikae kwenye betri, msiipeleke kwenye buti

Mhariri, habari za kazi, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Kuna msomaji wenu kaandika kwamba daladala na magari ya vijana hapa Mbeya yapigwe marufuku kufunga mziki mkubwa kwa sababu yanaungua, akataka trafiki wang'oe masabufa yote kuanzia Mbalizi mpaka Uyole. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Mafiati. Kwenye kelele namwelewa kabisa, kuna magari yakipita Mwanjelwa mpaka vioo vya maduka vinatetemeka, ila kwenye huo moto kauonea mziki bure. Kinachounguza gari ni waya uliotoka kwenye betri bila fyuzi, au fyuzi ipo lakini imewekwa pasipo pake.

Ngoja nieleze maana hata mafundi wenzangu wengine hili hawataki kulisikia. Ile fyuzi kubwa kazi yake ni kulinda waya, amplifaya, yaani ile mashine ya kukuza sauti, ina fyuzi zake pale ubavuni. Sasa fundi anavuta waya mnene kutoka betri mpaka buti, mita nne tano hivi, halafu fyuzi anaifunga huku nyuma karibu na amplifaya kwa sababu ndo panafikika kirahisi na mteja anaiona inawaka kitaa cha bluu anafurahi. Zile mita zote hazina ulinzi. Waya ukichubuka pale unapopenya kwenye bati la kati ya injini na dashibodi, umeme wote unaenda kwenye bodi, fyuzi ya nyuma haina habari maana umeme haujaifikia, na betri ya gari ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea, plastiki inashika moto chini ya kapeti hujapata hata pa kupaki. Fyuzi inatakiwa iwe ndani ya sentimita 45 hivi kutoka kwenye betri, na lile tundu la bati liwekwe raba ya duara ili waya usisuguane na chuma. Basi.

Halafu kuna hawa wanaotuletea waya. Juzi nimefungua gari la mteja, waya mwekundu umeandikwa sifuri geji (geji ni kipimo cha unene, namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi) kwa herufi kubwa, umenenepa kweli, nikakata ncha nikakuta plastiki ndo yote, chuma cha ndani hakizidi waya wa pasi. Nikachukua wembe nikakwangua nyuzi, juu nyekundu ndani nyeupe. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Sikatai kuifunga, mtu mfuko wake anaujua mwenyewe, ila uchukue saizi moja nene zaidi na fyuzi uishushe ampea. Waya wa 4 geji wa shaba halisi, ule wa kama milimita 21 za mraba, huwa naupa fyuzi ya ampea 100, wa 8 geji naupa 50 au 60, sasa mtu kaweka fyuzi ya 200 kwenye ule mwembamba eti isiwe inakata kata, hapo fyuzi ndo umeigeuza pambo.

Na haya mawati ya kwenye boksi mhariri naomba watu wasiyaamini. Boksi limeandikwa wati 3,000, ukigeuza amplifaya unakuta fyuzi mbili za 30. Piga hesabu, ampea 60 mara volti 13.8 unapata wati 828 zinazoingia, na hata iwe amplifaya nzuri inayopoteza kama sehemu moja ya tano tu, kwenye spika zinatoka 660 na kidogo. Amplifaya inayotoa wati 1,000 za kweli inakula ampea 90 hivi mziki ukikolea, wakati magari mengi madogo tunayoendesha altaneta yake, ile inayochaji betri, ni ya ampea 70 mpaka 100, na hapo bado taa, waipa, feni na ile chaji ya simu.

Ndo maana unaona gari la mtu taa zinafifia kila besi ikigonga. Mjini Kabwe hapo utacheka, ila panda Kawetele usiku ukungu umeshuka, au ile ya Tukuyu ukifika Isyonje na mvua yake, halafu taa zako ziwe zinafuata besi. Wengi wanakimbilia kununua betri ya pili au kapasita, kile kifaa cha kutunza umeme kidogo wa besi, wakati wangeanza na nyaya tatu: ya altaneta kwenda chanya ya betri, ya hasi ya betri kwenda bodi, na ya injini kwenda bodi. Magari yetu ni ya mtumba, nyaya hizo zimechoka na vichwa vimeota kutu. Weka nene, kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza nati. Ile ya altaneta nayo uipe fyuzi maana upande mmoja inashika betri. Kisha chukua mita, mziki ukiwa juu pima volti kwenye betri halafu pima kwenye amplifaya, zikipishana zaidi ya nusu volti rudi kakague waya na maungio.

Kingine ni kwenye boksi la fyuzi la gari lenyewe. Redio ilikuja na ya 10 nyekundu au 15 ya bluu, imekatika mara mbili, konda kachomeka ya kijani ya 30, na wengine wanazungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara! Gari lina abiria humo, na mama kapakata mtoto.

Kwa hiyo ombi langu kwa trafiki na wakaguzi, mnapokagua mtungi wa zimamoto fungueni na boneti, waya mnene wowote unaotoka kwenye betri ufuateni kwa mkono, usipokutana na fyuzi ndani ya shubiri mbili gari lirudi kwa fundi. Hukumu ya kung'oa masabufa haitasaidia, maana waya wenyewe utabaki pale pale kwenye betri umeviringishwa soletepu, nimeshakuta mingi ya namna hiyo, mziki umeuzwa zamani na ncha bado ina umeme.

Msomaji wenu,
Fundi umeme wa magari, Mafiati, Mbeya