Hesabuni mizizi kabla ya kuhesabu miche

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze jambo lisiloonekana kwenye picha za kampeni za upandaji miti. Tanzania kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na Kenya imejiwekea miti bilioni 15 ifikapo 2032. Taarifa zinazotolewa baadaye hutaja idadi ya miche iliyopandwa. Ikikauka, lawama huwaangukia jua, mbuzi na mchwa. Ni kweli vyote hivyo huua miche, lakini mingi hutoka kitaluni ikiwa tayari imeshindwa, kwa sababu mizizi yake haina kuvu.

Ncha za mizizi ya miti mingi huishi pamoja na kuvu wa udongoni. Ushirika huo, ambao wataalamu huuita mikoriza, ulielezwa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko mzizi wowote. Hupita kati ya chembe za udongo na kuuletea mti fosforasi, naitrojeni na maji, na mti huwalipa kuvu kwa sukari. Siku hizi husimuliwa pia kwamba miti hulisha watoto wake na kuonyana kupitia nyuzi hizo. Ushahidi wa hilo porini bado unabishaniwa na watafiti, na mtunza kitalu hauhitaji. Habari ya fosforasi peke yake inatosha kumfanya abadili kazi yake.

Chukueni paini. Udongo mwekundu wa nyanda za juu kusini una fosforasi, ila imeshikwa na chuma na alumini, na mzizi mtupu hauwezi kuinasua. Paini si mti wa asili ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kuvu wake nao ni wageni. Waliletwa pamoja nao, na pale paini haijawahi kuota huenda hawapo kabisa. Kisiwani Puerto Rico majaribio ya kupanda paini yalishindwa tena na tena, hadi miaka ya 1950 ulipoletwa udongo kutoka chini ya paini za North Carolina. Dalili zake anazijua kila aliyefungua kitalu kipya mbali na mashamba ya paini: mbegu huota vizuri, akiba ya mbegu ikiisha miche hugeuka manjano kisha zambarau, na hudumaa kwenye kimo cha vidole vichache. Baadaye huonekana visiwa vya kijani katikati ya manjano. Hapo ndipo kuvu walipofika wenyewe kwa upepo au maji, na mwenye kitalu hudhani ni mbolea iliyomwagika.

Dawa yake ni nafuu. Tafuta shamba la paini lililokomaa na lenye afya. Ondoa sindano kavu za juu, kisha chota udongo wa sentimita 10 hadi 15 za kwanza, pale penye vijizizi vyembamba na nyuzi nyeupe. Uweke kwenye gunia kivulini, ubaki na unyevu, utumike ndani ya siku chache. Ukianikwa juani hubaki vumbi tu. Changanya sehemu 1 kwa sehemu 9 za udongo wa kujaza viriba. Kama una wasiwasi na ubora wake, sehemu 2 kwa 8 zinatosha. Usichote kamwe mahali penye miti inayokufa au visiki vinavyooza. Huko kuna Armillaria, kuvu anayeozesha mizizi, na ukimleta kitaluni utamsambaza kwa kila mkulima anayenunua kwako. Tunasisitiza hili kwa sababu udongo wa kuhamisha hubeba pia minyoofundo, yaani minyoo midogo inayovimbisha mizizi, na magugu. Chukua karibu, kwenye chanzo unachokijua.

Kosa la pili ni kudhani kuvu ni wale wale kwa kila mti. Mwaka 1982 mtafiti Peter Högberg alichapisha uchunguzi wa mizizi ya miti ya Tanzania, na picha inayopatikana ni hii: miyombo, mitondoo na mkongo hushirikiana na kuvu wanaoufunika mzizi kwa nje, wengi wao wakizaa uyoga. Ndiyo maana msitu wa miombo ukifyekwa, uyoga unaouzwa kando ya barabara wakati wa masika hutoweka pia. Mninga, ingawa huota kati ya miyombo hiyo, hutumia kundi jingine, kuvu wanaoingia ndani ya seli za mzizi na wasiotoa uyoga. Humo humo wamo mvule, mtiki, michungwa, kahawa na hata mahindi. Kumwagia udongo wa paini mche wa mvule ni kazi bure. Mgrivea nao hauhitaji kuvu kabisa. Huotesha vishada vya vijizizi vinavyotoa asidi na kujitafutia fosforasi. Kanuni ya kitalu ni moja: udongo wa kuchanganya utoke chini ya mti wa aina ile ile.

Kisha kuna mambo yanayowaua kuvu baada ya kuwapata. Wengi huchoma au kuchemsha udongo ili kuzuia kinyausi, ugonjwa unaoozesha na kuangusha miche michanga. Hatuwakatazi, lakini joto halichagui, hivyo udongo wa kuvu uongezwe baada ya kuchoma na si kabla. Dawa za ukungu zimiminwe udongoni pale tu ugonjwa umethibitika. DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, ikimwagwa bila kipimo hufanya mche uwe na majani ya kupendeza na mizizi michache, maana mche ulioshiba fosforasi hauna sababu ya kuwalipa kuvu. Kumwagilia mpaka kiriba kinatoka matope huondoa hewa, nao kuvu wanaihitaji.

Hewa chafu nayo hufika mizizini. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vituo 137 vya misitu katika nchi 20 za Ulaya. Naitrojeni inayoshuka kutoka magari, viwanda na mashamba ilikuwa inabadilisha jamii za kuvu wa mizizi, na watafiti walipendekeza kiwango cha tahadhari kishushwe hadi kilo 5 au 6 kwa hekta kwa mwaka. Kwetu tatizo tunalolikuta zaidi mijini ni vumbi la saruji na kifusi. Vumbi hilo likipata umande huganda juu ya jani na kuziba vitundu vya kupumulia. Likioshwa na mvua hupandisha pH ya udongo, yaani huupunguzia uchachu. Paini hutaka pH ya 4.5 hadi 5.5. Ikipanda sana chuma hakipatikani na sindano changa huwa za manjano hata ukiweka mbolea gani. Shimo la kando ya barabara lililojaa mabaki ya zege lipanuliwe hadi sentimita 60 kila upande, kifusi kitolewe chote, kisha upandwe mti unaostahimili chokaa, kwa mfano mwarobaini au mvinje.

Mvinje una ushahidi mkubwa kwenye pwani ya Kenya. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji Bamburi, Mombasa. Kati ya aina 26 alizojaribu, chache mno ziliishi, na mvinje ndio uliofanikiwa zaidi. Mizizi yake ina vinundu vya bakteria aina ya Frankia wanaonasa naitrojeni ya hewani. Hata hivyo majani yake yaliyoanguka hayakuoza mpaka jongoo walipoletwa kuyasaga, ndipo udongo ukaanza kujengeka.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri na taasisi zinazonunua miche ziongeze masharti haya kwenye mikataba. Kwanza, muuzaji aeleze udongo wa kuchanganya umetoka wapi na chini ya mti gani. Pili, kabla ya kupokea, mkaguzi ang'oe miche 20 kutoka pembe mbalimbali za kitalu, aioshe mizizi kwenye ndoo na kuitazama. Kwa paini yenye miezi minne atafute vijizizi vifupi vilivyogawanyika kama herufi Y na utando wa nyuzi. Visipoonekana kwa angalau nusu ya miche, shehena isipokewe. Kwa mvule, mtiki na mninga kuvu hawaonekani kwa macho, hivyo sampuli ya mizizi ipelekwe maabara ya chuo cha misitu. Tatu, malipo ya mwisho yatolewe baada ya kuhesabu miti iliyo hai mwishoni mwa kiangazi cha kwanza.

Wasimamizi wa vitalu vya miti,
Mufindi, Iringa