Barua kwa Dada Wanjiru, kutoka London

Dada Wanjiru,

Salamu sana, kwako, kwa Mama na kwa watoto. Pesa za bomba nimetuma kwa simu ya Mama. Fundi asiongezewe hata shilingi. Mimi sijambo, ni baridi tu.

Habari kubwa ni kwamba cheti nimepata! Sasa natumwa kukagua madaraja, kubeba vyuma kumekwisha. Wiki jana nilipelekwa Millennium Bridge, lile la waenda kwa miguu juu ya mto Thames. Lilifunguliwa Juni 2000, likafungwa baada ya siku 2 kwa kuyumba. Lilicheza kidogo upande, watu wakapanua hatua wasipepesuke, na bila kujua wakawa wanakanyaga pamoja, kushoto wote, kulia wote. Kadiri walivyolingana ndivyo lilivyozidi kuyumba. Likawekewa vifaa vya kumeza mtikisiko, likafunguliwa tena 2002. Mwambie Baba. Yeye aliyekaa kambi ya jeshi ya Lanet anajua kwa nini askari huvunja mwendo wa gwaride wakifika darajani. Kule Angers, Ufaransa, mwaka 1850, walishaambiwa wavunje, lakini upepo ulikuwa unayumbisha daraja na inasemekana miguu ikajilinganisha yenyewe. Nyaya zilikatika, wakafa zaidi ya 200.

Tangu hapo natazama miguu ya watu. Juzi nilitoka kazini na Mkongo mmoja, kimya, kila mtu na mawazo yake. Kuangalia chini, viatu vyetu vinatua pamoja. Nikawakumbuka ninyi, usiku tukitoka kanisani Bahati, mvua imekatika, Mama katikati ametushika mikono, Kamau mbele na tochi. Gambuti zake zilikuwa zikilia kwenye matope, chwa, chwa, na sisi sote tukawa tunakwenda kwa mlio ule. Hakuna aliyetuambia. Jinsi nilivyotamani mwendo ule, dada!

Lakini sasa huyo Kamau amezungushia shamba seng'enge bila kuniuliza, na nguzo nimelipia mimi. Nasikia mliketi kikao, akasema yeye, akaitikia Baba mdogo, kisha nyote. Hata wewe? Najua hukupenda. Seng'enge hainiumi kama kusikia kwamba hakuna aliyesema ngoja.

Asichimbe shimo jingine mpaka nije Desemba. Nguzo zilizobaki zikae kwa Mama, na ufunguo wa stoo ushike wewe.

Ndugu yako,
Mwangi