Rigi ya begani isinunuliwe kwa kuangalia picha tu

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaopiga video za harusi, sendofu na mikutano hapa Dodoma. Video nyingi zinatikisika mpaka kichwa kinauma na sio kwamba kamera ni mbovu, hizi za siku hizi ni nyepesi sana halafu mtu anaishika mbele ya kifua, basi kila ukihema picha inahema na wewe.

Rigi ya begani, yaani fremu ya kubebea kamera begani, inasaidia kweli maana mzigo unahamia begani na mikono inabaki kuongoza tu. Ila jamani muangalie uzito wa nyuma! Kamera lazima ikae mbele ili uione skrini, sasa kama nyuma hakuna kitu rigi yote inainama, mikono inarudi kubeba, na sherehe haijafika hata kwenye keki kiuno kishakataa. Funga betri kubwa au chuma nyuma, ongeza mpaka ukilegeza mikono kamera isidondokee mbele. Bomba za rigi ziwe za kipenyo cha milimita 15, ndizo zinazokubali vifaa vingi, na vishikio viwe vinarekebishika kwa sababu mrefu na mfupi hawashiki sawa.

Kwa kutembea na maharusi gimbal, yaani kishikio chenye mota kinachotuliza kamera, bado ni bora, hatua zako rigi haizifichi. Lakini ukisimama sehemu moja na upepo wetu huu wa Dodoma, mimi nachagua bega.

Mpiga video, Dodoma